Gari la Jumamosi

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi mume wangu alikuwa akiosha gari, mtaa mzima ukimwona. Alisugua magurudumu, akafuta vioo, kisha akarudi nyuma hatua mbili kulitazama kama bwana harusi. Mtaani walimwita Meneja. Akiulizwa kwa nini anakwenda kazini kwa miguu, alijibu kwamba daktari kamwambia afanye mazoezi. Gari lilikuwa halijasogea mwaka wa pili, na mimi niliyejua ndiye niliyempelekea ndoo ya maji.

Yeye ni afisa manunuzi. Miaka tisa mshahara wake ni ule ule. Kinachoongezeka ni cheo. Alikuwa afisa, akawa afisa mwandamizi, sasa ni afisa mwandamizi mkuu, na akistaafu nadhani kitambulisho chake kitahitaji ukurasa wa pili. Katika miaka hiyo hiyo mkurugenzi wake kabadili magari matatu. Akiomba nyongeza, anajibiwa kwa barua kwamba hali ya kampuni si nzuri. Mchele, kodi ya nyumba na ada ya shule havikuwahi kuisoma barua hiyo. Tulianza kwa kuuza friji. Kisha kola za mashati yake zikalika, na fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akawa anazigeuza ili upande mzima uje juu. Mwisho tukauza betri ya gari ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada, tukisema mwezi ujao tutanunua nyingine.

Jumamosi moja fundi akaja mbio, miguu peku. Pumu ilikuwa imembana mkewe.

"Meneja, twende! Mke wangu hapumui!"

"Ngoja nichukue funguo," alisema mume wangu, akaingia chumbani.

Nilimfuata. Funguo alikuwa nazo mfukoni. Akafungua droo, akaifunga, akainua mto, akaurudisha. Nje fundi akaita tena.

"Mwambie," nilimnong'oneza.

"Nimwambie nini? Watu wote wako nje."

Ningeweza kutoka mimi. Mdomo ninao, na siku nyingine haufungiki. Lakini niliwaza majirani watasemaje, nikaanza na mimi kupekua kabati. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha ufukara, na kifo kikabisha hodi kwa jirani. Aibu hiyo ni yangu, simsingizii mtu.

Hatimaye tukasikia pikipiki ikiondoka na mgonjwa. Dirishani sauti ya mwanamke ikasema, "Roho mbaya tu. Anaogopa viti vyake visichafuke."

Mume wangu akakaa kitandani. "Afadhali waseme mchoyo," alisema.

Nami, Mungu anisamehe, niliitikia kwa kichwa.

Mke wa fundi alilazwa siku nne, akapona. Jioni aliyorudi nyumbani, fundi alituletea shati.

"Kola yako tayari," alisema. Tulimkaribisha ndani, akakataa.

Mume wangu akamshika mkono, akampeleka kwenye gari, akafungua boneti. Pale pa betri palikuwa na nyaya mbili na vumbi. Fundi alipatazama kwa muda.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Mashati yako yote yamepita mikononi mwangu, Meneja. Umewahi kusikia mtu akiyataja?"

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Ungesema tu halina betri, ningekimbilia barabarani saa ile ile. Nilisimama hapa nakungoja, na mwenzangu midomo inageuka rangi."

Akashusha boneti taratibu, asiibamize, akaenda kwake.

Gari sasa lina vumbi, hakuna anayeliosha. Ile kola nayo imekwisha kulika, na za mashati mengine pia. Fundi yupo pale pale, ukuta kwa ukuta, cherehani yake tunaisikia tukiwa mezani. Kati yetu wawili hakuna mwenye uso wa kumpelekea shati.