Pikipiki ya Magurudumu Manne na Mama Mkwe

Siku hizi mtu akitaka kununua ile pikipiki ya magurudumu manne anakuja kwanza kwangu, kwa sababu Turwa nzima mimi ndiye niliyeanza kuwa nayo. Sisemi hivyo kujisifu, ulizeni mtu yeyote. Na wote ninawaambia neno moja: kama umeendesha boda boda miaka mingi, wewe ndiye utakayeumia. Asiyejua kitu ana nafuu. Hilo sikulisoma mahali. Nililipata kwa mguu wangu, na kwa safari ya mama mkwe wangu.

Niliiona mara ya kwanza Natta, nilipoenda kutafuta kibarua kwenye kambi ya watalii. Mfanyakazi mmoja alikuwa amefunga kuni nyuma, anapita nayo kwenye tope na mawe kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Kibarua sikupata, lakini ile mashine niliondoka nayo kichwani. Nilikuwa na darasa la nne na mgongo wenye nguvu, basi.

Baadaye dhahabu ikalipuka. Watu waliacha mahindi yakiwa hayajapaliliwa, wakakimbilia mashimo. Mimi nilianza kwa kubeba viroba vya mawe kutoka mdomo wa shimo hadi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia. Wenzangu walipopata waliingia baa na hawakutoka mpaka walipofukuzwa. Mimi nilinunua karasha, na hiyo ikanunua nyingine. Hata ng'ombe wa mahari niliwatoa mwenyewe, baba hakunipa hata mkia. Kwa hiyo siku lori liliposhusha pikipiki yangu, mpya, imefungwa nailoni mpaka kwenye taa, nilikuwa na haki ya kusimama barabarani na kungoja watu wajae.

Jirani yangu aliizunguka mara mbili.

"Hili ni gari au pikipiki?"

"Gari," nikamwambia.

"Basi limeachishwa kunyonya mapema."

Nilimwacha acheke. Yeye alikuwa na baiskeli.

Ilikuja na kitabu cha Kiingereza chenye picha. Picha moja ilikuwa ya mguu chini ya gurudumu la nyuma, imepigwa alama nyekundu. Nikamwambia mke wangu kitabu hiki ni cha watu ambao hawajawahi kupanda kitu. Dakika tano baadaye nilikuwa nakata kona hapo hapo uani, nikashusha mguu kama ninavyofanya siku zote kwenye pikipiki. Gurudumu la nyuma likapanda juu yake taratibu, kama linapanda ngazi. Nilichechemea wiki mbili na kuwaambia watu nimeangukiwa na jiwe shimoni. Leo ndiyo nasema ukweli.

Kwa hiyo shikeni hili: mguu ukae kwenye kikanyagio hata kama roho inakuambia unaanguka. Huanguki, una magurudumu manne. Na mafuta hayanyongwi kwa mkono kama kwenye boda boda, yanasukumwa kwa kidole gumba. Mimi nilinyonga na kunyonga, haikwenda. Nikakasirika, kidole kikasukuma chenyewe, tukaingia mimi na mashine kwenye migomba ya mke wangu. Tulikaa siku mbili bila kusemezana, mimi na mke.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa ufunguo. Niliuvaa shingoni. Nilioga nao. Mke wangu aliiosha ile pikipiki kila Jumamosi lakini kwenye kiti cha dereva hakuwahi kukaa. Nilifikiri mashine ya mwanamume ni kama kofia yake.

Mvua za masika zikafika. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko Itiryo, alikuwa amefunikwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Wajukuu wake aliwatambua kwa kikohozi. Tukasikia kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali ya mjini kwa siku tatu, wanapasua, halafu wanaondoka. Tulipopata habari hiyo siku moja ilikuwa imeshapita. Na barabara ya Itiryo kalavati lilikuwa limesombwa na maji, hakuna gari linalopita, boda boda zinarudi zimebebwa.

"Ndiyo kazi ya mashine yangu hii," nikasema. Nikampakia mke wangu nyuma, na siku ya pili jioni tukawa Itiryo, tumepakwa tope mpaka masikioni. Tope lilitushika mara moja tu. Mara mbili.

Sasa, sisi Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Nilijua hilo tangu nilipooa. Na bado nilifika mpaka uani kwake bila kujiuliza huyu mama atakaa wapi. Kiti kimoja, na anayekaa nyuma lazima amshike dereva kiunoni. Nadhani nilikuwa nimelewa sifa za ile pikipiki.

Asubuhi mjomba wa mke wangu alikuja. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, kisha akaenda kuongea na dada yake mlangoni. Mimi nilibaki nyuma ya ghala.

"Dada, wewe huoni kitu," alisema mzee. "Utajuaje kama umeshika mkwe au umeshika gunia?"

Mama mkwe akajibu kutoka ndani. "Macho ndiyo yamekufa. Mikono haijafa."

"Madaktari wanaondoka leo."

"Waende salama. Nitabaki na giza langu, tumezoeana."

Nilipendekeza mke wangu akae katikati. Nikamjaribu yeye na gunia la mahindi nyuma yake, tukapanda kilima kidogo, magurudumu ya mbele yakainuka kama mbuzi anayetaka kula majani ya juu. Hilo nalo likumbukeni: uzito wote ukiwa nyuma, mlimani itakuangusha chali. Tukashusha gunia.

Mke wangu akanyoosha mkono. "Baba watoto, nipe ufunguo."

"Wewe?"

"Unamwona mwanamke mwingine hapa?"

"Hujawahi kuendesha hata baiskeli."

"Basi sina cha kusahau."

Nikauvua shingoni. Uliacha alama, niliigusa siku nzima. Tulienda kwenye malisho, nikamwonyesha kidole gumba, breki, gia. Aliuliza swali moja: "Miguu inakaa wapi?" Nikamwonyesha. Akaiweka hapo na haikutoka tena. Mimi ilinichukua mwezi kuizuia ile miguu yangu, na yeye nusu saa hakuwa na habari kwamba kuna mguu wa kushusha. Ng'ombe walinyanyua vichwa wakatutazama, kisha wakaendelea kula. Mimi nilipopita jana yake jioni walikimbia.

Akampakia mama yake, akamfunga kwa kanga mbili kwake mwenyewe kama mtoto wa mgongoni. Mimi nikatangulia kwa miguu, na gambuti na fimbo, kupima maji na kuchagua mahali pa kupita. Kwenye lile kalavati maji yalinifika magotini. Nikapiga fimbo kulia, nikapiga kushoto, nikaonyesha kwa mkono bila kugeuka, kwa sababu nikigeuka nitamtazama mama mkwe. Nikasikia mashine inanguruma polepole nyuma yangu, ikaingia, ikatoka.

Tulipofika kwenye changarawe nzuri mke wangu alinipita. Hakupunguza mwendo. Nilitafuta boda boda, na dereva akaniuliza kama yule mwanamke ni mtalii.

Nilipofika hospitali saa sita ilikuwa inakaribia. Muuguzi alikuwa ameshafunga daftari la majina. Kisha nikamwona mke wangu amekaa kwenye benchi peke yake, tope limemkaukia usoni.

"Yuko wapi?"

"Ndani," akasema. "Amekuwa wa mwisho."

Kesho yake wauguzi walimfungua bandeji. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta, upande wa maegesho, kama inavyotakiwa. Nikasikia ndala zake, hatua ndogo ndogo, kisha zikasimama.

"Hiki?" alisema.

"Hicho, mama," akajibu mke wangu.

"Hiki ndicho kilichonibeba? Mbona kidogo hivi. Nilidhani ni trekta."

Akaizunguka. Nilisikia anakipigapiga kiti kwa kiganja, anauliza rangi hii inaitwaje, anaambiwa nyekundu, anasema nyekundu anaijua, anauliza tu kama wao wanaiona hivyo hivyo. Halafu akapandisha sauti ili ipite ukuta, ingawa maneno aliyaelekeza kwa binti yake.

"Mwambie mwenye nyumba yako nimeshukuru. Amenirudishia wajukuu."

"Amesikia, mama."

"Na mwambie leo aanze safari mapema. Jana ulikuwa unamngoja sana, anatembea polepole."

Nilimwambia mke wangu aseme ndiyo. Kisha nikavaa gambuti, nikatangulia.