Dipoziti Yangu Imetolewa Harambee

Jamani, leo mwizi wangu amepigiwa makofi kanisani.

Yule fundi wa Nyamasaria! Miaka ya tisini nilimlipa dipoziti aniwekee dari. Hakuonekana. Nikamwambia kazi basi, nirudishie pesa.
"Mama, pesa ilishanunua mbao."
Mbao hata moja sikuiona.

Leo kwenye harambee ya paa akasimama na suti, akainua noti juu, eti naye ni mtu.
"Natoa elfu tano!"

Elfu tano. Dipoziti yangu kamili, bila riba.

Nikanyanyuka. "Pasta, hiyo iandikwe kwa jina langu. Mwulize ni ya nani."

Pasta akamwuliza. Mzee mzima akaangalia viatu vyake.

Jina langu ndilo lililosomwa.

Au nimekosea, watu wangu?

Riba namwachia. Akanunue mbao.