Gari la Watu Wawili

Mwanangu wa mwisho ni mtu mzima sasa, ana kazi yake na nyumba yake, na juzi alikuja kunionyesha picha kwenye simu. Gari kuukuu la spoti. Milango miwili, viti viwili, paa la turubai. Anataka kulinunua, ati siku hizi magari ya zamani ndiyo yenye heshima. "Mama, si nyinyi mlikuwa nalo kama hili? Nipe ushauri." Nilivua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. Kusema kweli nilichoka papo hapo. Nilidhani habari za gari lile zilikwisha kabla yeye hajazaliwa.

Lakini ameuliza, na baba yake hayupo tena wa kumjibu. Basi nitamjibu mimi niliyelisukuma.

Usilinunue kwa mtu anayehama. Baba watoto alikuwa karani mjini, na gari lile alilipata kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Mtu anayeondoka atakwambia nini? Alimkuta amelipangusa hadi linang'aa, kijani kibichi, akaliwasha mara moja likaitika. Baba watoto akaona amepata. Mimi ningekuwepo ningeligusa boneti kwanza. Kama ni moto na wewe ndiyo kwanza unafika, jua kuna mtu amehangaika nalo tangu asubuhi. Kisha inua kapeti. Sisi tuliinua letu baada ya mvua za kwanza, tukaona barabara kupitia matundu ya kutu.

Tulikuwa tunakaa Nairobi, mtaa wa Umoja, upande unaotazama Mowlem, na siku lilipoingia mtaani watu walitoka nje kama kumekuja mbunge. Wanawake wenzangu walinipa hongera. Hongera ya nini, jamani? Nilikuwa na watoto wawili, ninashona nguo za shule kwa cherehani mlangoni, na mume ameleta gari lisilo na kiti cha nyuma. Na unajua gari la mtaani si la mwenyewe peke yake. Ni la mgonjwa, la mama mwenye uchungu, la harusi. Harusi ya kwanza kutuomba gari, bibi harusi alipanda na mume wangu, maana viti ni viwili, na bwana harusi akafuata nyuma kwenye pikapu pamoja na masufuria. Watu walicheka hadi kanisani. Bwana harusi hakucheka.

Halafu spea. Usimwamini anayekwambia spea zipo. Baba watoto alizunguka Grogan yote, kwa wauza spea, duka kwa duka, na mafundi wakimwona wanaitana waje wacheke. Lina kabureta mbili, na ni lazima zivute sawa. Fundi wetu aliiweza moja. Kwa hiyo lilikuwa haliwaki bila kusukumwa. Vijana wa mtaa walianza kwa kufurahia: "Niaje mzee, dinga imelala?" Wakasukuma wiki moja, wakasukuma ya pili, kisha wakawa wakituona tunatoka wanajificha. Nikabaki mimi. Jumapili, na gauni langu la kanisani na viatu vya kisigino, nainamia gari kwa nyuma. Likishawaka hawezi kusimama, maana akisimama litazima, basi anakwenda zake huku akipunga mkono, na mimi nafuata kwa miguu. Watu kanisani walifikiri tumekosana.

Baba yangu hakulipenda tangu siku ya kwanza. Kwao ni mbele ya mji mdogo wa Tala, na alikuwa mchonga vinyago mpaka macho yalipoanza kumwacha. Tulipompelekea gari alione, alilizunguka polepole akilipapasa kwa mkono, kama anavyopapasa gogo kabla hajalikata. Akafika nyuma, akarudi mbele.

"Watoto wako wapi?"

"Wamebaki kwa jirani, baba," nikasema. "Hawakutoshea."

Akamgeukia mume wangu. "Mkwe wangu, hili uza. Nunua kitu cha kubeba watu."

Baba watoto alicheka, akasema, "Hapana, baba, hili siliuzi. Utalizoea." Alikuwa mpole, lakini kwa gari lile alikuwa mbishi ajabu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba tangu utoto hajawahi kuwa na kitu ambacho si cha lazima. Hilo lilikuwa la kwanza.

Mwaka uliofuata, jioni moja ya Ijumaa, ndugu yangu alikuja na habari kwamba baba ameacha kula na ananiulizia. Alisema nisichelewe. Nikaanza kukunja nguo zangu nipande basi la alfajiri. Baba watoto akanishika mkono. "La, mama. Safari hii nitakupeleka mwenyewe. Limetengenezwa juzi, liko sawa." Nilijua. Haki ya nani, nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kubishana juu ya gari, na uso wake ulikuwa unaniomba. Nikaacha basi.

Kulipokucha tuliwapeleka watoto kwa jirani, nikasukuma, na mara hii akafaulu kulizungusha kwenye uwanja bila kuzima mpaka nikarukia ndani. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu nimkute baba akiwa bado anaweza kusema. Baba watoto naye alikuwa akiomba, ila dua yake ilikuwa ya gari. Tulipopita Njiru kidogo likaanza kutoa mvuke, kisha likakohoa, kisha kimya. Akafungua boneti. Nikamtazama anavyotazama injini, kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake, na sikuweza hata kumkasirikia. Nikakaa kando ya barabara nikalia kwa sauti.

Hangeweza kuliacha. Angeliacha dakika chache tu angekuta limebaki mifupa. Lakini alisimama katikati ya barabara na kutandaza mikono mpaka lori likasimama, lori tupu linalokwenda kuchota mchanga huko kwetu. Akamsihi dereva kwa magoti, simtanii mtu, kwa magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazini. Dereva akanipandisha mbele, na nilipomweleza kuna mgonjwa akanifikisha hadi uani kwetu, akapita hata katikati ya mahindi.

Baba alikuwa amelazwa nje kivulini, kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamekwenda kabisa, lakini masikio yalikuwa yale yale. Lori lilinguruma, likapiga breki, nikashuka, likageuka likaondoka. Nikapiga magoti karibu naye, nina vumbi mpaka kwenye kope. Akanishika uso.

"Mama," akaniita hivyo kama alivyoniita siku zote. "Hilo ndilo gari mlilokuja nalo?"

"Ndiyo, baba." Si ndilo nililokuja nalo?

Akatabasamu. Ulikuwa umepita muda mrefu, mama yangu aliniambia, tangu alipotabasamu mara ya mwisho. "Kwa hiyo amenisikia. Ameliuza lile, amenunua lori." Akapumua. "Sasa hilo ni gari. Nimelisikia."

Nilifungua mdomo nimweleze. Mama akaniwekea mkono begani. Mzee akaomba uji, akanywa kikombe kizima, na mimi mwenyewe nikauacha mdomo wangu ufungike.

Baba watoto alifika kesho yake kwa basi, baada ya rafiki yake kulivuta gari kulirudisha mtaani. Kabla sijamwahi mlangoni baba alikuwa ameshausikia mwendo wake, akamwita, akamkamata mkono kwa mikono yote miwili. "Umefanya vyema, mwanangu. Lori limekwenda kazi?" Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama chini. Naye akasema, "Limekwenda kazi, baba."

Mzee aliishi majuma kadhaa zaidi, na katika majuma hayo hakuna mgeni aliyekuja kumjulia hali asiambiwe habari ya lori la mkwe. Aliwaambia watu wa kanisa, wazee wa ukoo, hata mwenye duka pale Tala. Mkwe aliyemdhania mtu wa anasa ana akili, anafikiria watu. Kisha akazidiwa, akaletwa hospitali Nairobi, akafa huko asubuhi, na ndugu zangu walipokaa kupanga mazishi hawakutafuta gari. Wakaja Umoja wakamwambia mume wangu mbele yangu, bila wasiwasi wowote: "Mzee alisema atabebwa na lori lako. Na watu wa Nairobi wote watapanda humo."

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimeshaweka chini kitambaa nilichokuwa nashona. Yeye akaniwahi: "Sawa. Lori litakuwepo."

Siku mbili baadaye gari la kijani halikuwepo nje. Kijana mmoja wa upande wa Westlands alikuja akalichukua, nikasikia kwa majirani, na hata yeye alilisukuma. Pesa zake zilikodisha lori la mchanga na zikanunua jeneza, zikaishia hapo. Baba watoto hakunieleza. Nami sikumuuliza.

Mtaa ulijaa kwenye lori lile. Kina mama wa kanisa, watu wa ukoo walioko Eastlands, majirani, wanangu wawili wameketi karibu na jeneza la babu yao wakishikilia maua. Mwenye lori alituachia dereva wake, mtu mwenye kiburi, na tulipofika Tala mume wangu akamwomba kitu kilichomuudhi sana: ahamie upande wa pili akae kama utingo. "Mimi? Utingo? Miaka yote hii ya usukani?" Tulimbembeleza. Mwishowe akahama akinuna, na baba watoto, ambaye hajawahi kuendesha lori maishani mwake, akashika usukani mkubwa ule. Gia zililia njia nzima. Alitoka jasho mpaka kola ikalowa. Lakini aliingia uani kwetu mwenyewe, taratibu, na watu wakaimba, na mjomba wangu mkubwa akaja akapiga lori kofi ubavuni kama anavyopiga ng'ombe mzuri. "Mkwe, mzee alituambia. Tulifikiri anatia chumvi."

"Asanteni," mume wangu akajibu, akashuka kwenda kubeba jeneza.

Tuliporudi Nairobi tulishusha watu, tukamrudishia mwenyewe lori lake. Wanangu walikuwa wameshalala, jirani akawachukua kwake. Tukatembea kwenda nyumbani kupitia Mowlem, miguu inauma. Mimi ndiye niliyeanza.

"Pole na gari lako."

Akaendelea kutembea.

"Ungewaambia tu ukweli. Ndugu zangu wangeelewa. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye sikumsahihisha."

"Niwaambie nini?" akasema. "Niende nikasimame kando ya kaburi lake nimfanye mzee mwongo mbele ya watu wake?"

Muda wote ule nilikuwa naombea lile gari liondoke. Nilikuwa nimelichukia, nikilisukuma na gauni langu la kanisani na visigino vyangu. Na hapo barabarani nikalililia kuliko nilivyolia kaburini kwa baba, kwa sababu lilikuwa kitu cha kwanza cha baba watoto kisicho cha lazima, na nilijua hatapata cha pili. Nikamshika mkono. Hatukuwa watu wa kushikana mikono njiani, na kina mama waliokuwa wakiuza mboga walitutazama, lakini hakuutoa.