Mashimo Niliyoyafukia

Mtaa wetu ni wa zamani kuliko mji wenyewe. Ndivyo wanavyojisifu wenyeji wa Mbinga, na mimi mgeni nimeshajifunza kujisifu nao. Nyumba zake za matofali ya kuchoma zilijengwa kwa kahawa, enzi mavuno mazuri ya mwaka mmoja yalitosha kuezeka. Siku hizi waliozijenga wamepungua, tumeingia sisi: watumishi wa serikali tuliochoka kupanga, wanunuzi wa kahawa, wafanyabiashara kutoka Songea. Tumeweka mageti, vigae na madirisha ya alumini. Kona ya chini kuna hata mgahawa wa kahawa ya vikombe vidogo, katikati ya watu waliolima kahawa maisha yao yote na wanaokunywa chai.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Dodoma. Kwetu mvua huombwa. Niliponunua nyumba yangu nilikuta uwanja wa nyuma, wenye mteremko mkali, umejaa mashimo yaliyopangana hadi kwenye uzio wa jirani. Nikaona ni uchafu wa mwenye nyumba wa zamani. Februari nikaleta vibarua wawili wakayafukia yote, nikapanda ukoka, nikapiga picha na kuwatumia ndugu zangu wote. Vibarua waliniuliza mara mbili kama nina hakika. Niliwajibu kwa ukali, maana sipendi kuulizwa mara mbili. Darasani kasoro yangu hiyo inajulikana.

Jirani wa chini yangu ni bibi mjane, anayeishi peke yake katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Ukuta wa jiko lake ni wa matofali mabichi, nao unatazama mteremko wangu. Mvua kubwa ya Machi ilipokatika asubuhi moja, alinigongea geti, kanga kiunoni, tope hadi magotini. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akatazama ukoka wangu, au tuseme mahali ulipokuwa, kwa sababu nusu yake ilikuwa imehamia jikoni kwake. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuja, mwenyeji akalowa.

Nilitegemea matusi, lakini alicheka. Kisha akaketi kibarazani, na kicheko kikamwisha. Akanieleza kwamba Jumamosi mwanawe mkubwa anakuja na mtu anayetaka kununua kiwanja ajenge nyumba ya wageni. Watoto wake walikuwa wamekubaliana kuwa ukuta ule ukianguka, mama anahamia Songea. Yeye hakutaka. Huko kila mtu anakwenda kazini, alisema, na kazi yake itakuwa kulinda televisheni.

“Yale hayakuwa mashimo, mwalimu. Ni ngoro. Maji yanalala humo. Wewe umeyaamsha.”

Niliona aibu ya kweli. Ilikuwa Jumatano. Nikauliza kuzirudisha kunachukua siku ngapi. Kwa mtu mmoja wiki mbili, akasema, kwa watu wengi na togwa siku mbili. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, wana desturi ya kualikana kulima, na anayealika hupika. Basi yeye akapika, mimi nikatumwa kualika. Niligonga mageti ambayo mwaka mzima nilikuwa nikiwapungia wenyewe mkono tu, nikijua nitafukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Mnunuzi wa kahawa alikuja na raba nyeupe, nesi alikuja moja kwa moja kutoka zamu, mwenye mgahawa akafunga biashara. Jembe hakuna aliyekuwa nalo, tukaazima kwa ndugu za bibi.

Alitufundisha akiwa amesimama juu yetu na fimbo. Unakata nyasi, unazilaza kwa mistari inayokatana mpaka ipatikane miraba, kisha unachimba katikati ya kila mraba na udongo unafunika nyasi. Matuta yanazunguka, shimo linabaki kati. Mstari wangu wa kwanza aliufumua. Wa pili pia. Akaniuliza, watu wote wanasikia, kama Dodoma hufundishwa jometri. Tulicheka siku mbili mfululizo, na Ijumaa jioni tukamaliza kwa kuukandika ule ukuta upya. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwana alipofika na mnunuzi wake, mimi nilikuwa jikoni kwa bibi, nikijifanya nimekuja kuazima chumvi. Aliushika ukuta, akaona alama ya tope sakafuni, akasema kwa upole kwamba nyumba imechoka na mama naye amechoka. Bibi aliinama akaanza kukusanya vyombo vyake, kana kwamba ameshaambiwa afungashe. Iliniuma.

“Nyumba haijachoka, kaka,” nikasema. “Maji niliyaleta mimi. Nilifukia ngoro nikapanda nyasi.”

Alinitazama, akatoka nje kwenye mvua hadi kwenye uzio. Ngoro zilikuwa zimejaa pomoni, na upande wa mama yake udongo ulikuwa umelowa kwa mvua tu. Yeye ni mzaliwa wa pale, hakuhitaji maelezo. Alirudi ametota, akamwomba radhi mnunuzi kwa kumsumbua, akamwambia kiwanja hakiuzwi.

Bibi alikaa kwenye kigoda akalia kidogo, wala hakujificha. Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akaniambia mstari wa tatu kutoka uzioni umepinda, nikaunyooshe mvua ikikatika.

Nilikwenda kabla haijakatika.