Maji ya Pipa la Lotoko

Asiyejua kupika lotoko, pombe yetu kali, anafikiri kazi ni moto. Kazi ni maji! Mvuke unapita katika tiyo, bomba lile jembamba, ndani ya pipa la maji, unapoa, unadondoka pombe. Maji ya pipa yakipata moto, mimi simwagi. Nayachota, yanapoa kivulini, nayarudisha, maana mto uko mbali.

Jirani yangu Mwislamu alinisema vibaya katika mji wetu wote wa Wamaza kwa ajili ya harufu ya pombe. Alipojifungua, akaja na ndoo ya maji baridi, akaomba ya moto amwogeshe mutoto. Maji yale hayagusi pombe, tukabadilishana. Tangu hapo tunabadilishana kila siku.

Jana sikuwasha moto. Akasimama mlangoni na ndoo yake, amenuna.

"Mama, leo haupiki lotoko? Mutoto hajaoga!"