Mistari Ishirini na Minne ya Kuamsha Bodi

Siku niliyokabidhiwa bodi, cheti changu cha masomo ya jioni ya umeme kilikuwa bado kinanuka wino, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko boila ya kiwanda. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Sotik. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimegeuza majani mabichi kwenye vitanda vya kunyaushia, mpaka nikiota nilikuwa naota kijani kitupu. Sasa Mhandisi wa Vyombo vya Vipimo akaniita kibandani kwake, akafunua kitambaa mezani. Chini yake palikuwa na kibao chenye vidude vyeusi kama kupe, safu ya swichi nane na taa moja nyekundu.

"Hii ni bodi ya majaribio," akasema. "Tukifaulu, itasimamia joto la mashine ya kukaushia. Kazi yako ni kuiamsha."

"Kwani imelala, bwana?"

"Ikikosa stima inasahau kila kitu, Rotich. Hata jina lake."

Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe mnaendelea na chai yenu. Sisi bodi ilikuwa ikiwaka inakuwa tupu kama kibuyu kilichooshwa. Ilibidi kwanza uiingizie kwa kidole programu fupi ya kuamshia: mistari ishirini na minne, kila mstari swichi nane, hii juu, ile chini, kisha unabonyeza kitufe cha kuweka. Programu hiyo fupi haikujua kupima joto. Ilijua jambo moja tu, kwenda kwenye tundu ililoambiwa, kusikiliza mashine ya kaseti iliyochomekwa hapo, na kuvuta programu kubwa. Ukikosea swichi moja, rudi mwanzo. Na mvua ya Kericho mnaijua, hunyesha kila alasiri kama imeajiriwa. Radi ikipiga Chepseon, stima yetu inakata. Nimeiamsha ile bodi mara nyingi kuliko majogoo wote wa Bomet walivyowahi kuamsha watu, na kidole hiki kikaota sugu ya kuvunjia njugu.

Mistari hiyo ilipigwa taipu kwenye kadi. Meneja wa Kiwanda, mtu aliyetia muhuri hata tangazo la choo, akaitia sahihi, akagonga muhuri, akaamuru iwekwe ndani ya fremu ya kioo ukutani. Akatangaza pia kwamba taa nyekundu ikishawaka, mtu yeyote asiguse vali ya mvuke. Bodi ndiyo mwenye kazi.

Basi radi ikaunguza tundu la pili, lile la kaseti. Mhandisi akahamishia kaseti tundu la tatu, na kwa hiyo mistari miwili ikabadilika, wa tisa na wa kumi na nne. Akanionyesha, nikaikariri. "Hakikisha kadi inabadilishwa," akasema, akaenda likizo kwao ng'ambo.

Nikamwendea Meneja na penseli yangu.

"Unataka kuchora kwa sahihi yangu?"

"Ni mistari miwili tu, bwana."

"Karatasi ya muhuri haichafuliwi. Andika barua, ueleze sababu, ipitie kwa Mhandisi."

"Mhandisi yuko likizo."

"Basi ipitie kwake akirudi."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kuchemsha maji bila kuni. Na hapo ndipo nilipokosea. Barua sikuandika, wala sikumwambia mtu kwamba kadi imepitwa. Stima ilipokatika, mtu wa zamu, asiyethubutu kugusa swichi hata kadi ikiwa ukutani, alikuwa analazimika kuniita, "Fundi! Muiteni fundi!" nami nakuja nikikimbia kwenye matope, nalalamika njia nzima kwamba kiwanda kitaniua, naingia, naweka mistari yangu, taa inawaka, watu wanatazamana. Nililalamika, ndiyo. Lakini utamu wake, jamani, ulishinda asali ya msituni.

Fomeni wa kukausha alikuwa Mzee Makori, mtu wa Kisii aliyehamia kwetu kabla sijaota ndevu. Siku moja ya mapumziko yangu nilikwenda Sotik mjini kuangalia mtamba, na mvua ya mawe ikaangusha stima. Walinitafuta, hawakuniona. Mzee Makori akavaa miwani, akaketi mbele ya kioo, akaingiza mistari yote ishirini na minne kama ilivyoandikwa, bila kosa hata moja. Taa ikawaka. Sasa sikilizeni ujinga wa ile bodi: taa ya kusubiri na taa ya kufanya kazi ilikuwa ileile moja! Bodi ilikuwa imekaa inasikiliza tundu lililoungua, yeye anadhani inachunga joto. Akaenda kusimamia uchambuaji. Pua yake ilipompa habari, chai yote iliyokuwa ndani ilikuwa makaa.

Jumatatu tuliitwa ofisini. Mzee Makori alisimama na kofia mkononi. Alikuwa na watoto sita katika nyumba ya kampuni, na kazi ikienda, nyumba inaenda nayo.

"Barua yako ya kufukuzwa iko tayari," Meneja akasema.

"Bwana Meneja, nilifuata kadi."

"Kadi ina sahihi yangu. Kwa hivyo umekosea wewe." Akanigeukia. "Fundi, mwambie. Kadi ni sawa ama si sawa?"



"Si sawa, bwana. Tangu kaseti ihamishwe."

"Nani alijua?"

"Mimi. Mhandisi alinionyesha. Nilikuja kwako, ukasema nilete barua. Sikuleta."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema mvua, ningeweza kusema kazi nyingi. Nilimwona Mzee Makori akiizungusha ile kofia.

"Nilikuwa napenda kuitwa."

Meneja akaichana barua ya Makori na kuandika nyingine, fupi zaidi. Nikarudishwa kwenye vitanda kugeuza majani. Bodi akapewa Makori.

Kule nje ndipo aliponipasukia, kwa utani wa Wakisii kwetu sisi wafugaji. "Nyinyi watu wa maziwa! Mistari miwili tu, ukashindwa kuniambia? Ulidhani nitaila?"

Niligeuza majani misimu mitatu kabla Mhandisi hajaniomba nirudi kwenye bodi, na tangu hapo kila nilichobadilisha kwenye mashine yoyote nilikiandika siku ileile, mahali ambapo mtu mwingine atasimama, nikamwonyesha kwa kidole. Vijana mnaoshika mashine, kama mnataka kusikia la mzee, ni hilo. Mkiona raha ya kuwa peke yenu mnaojua, ogopeni.

Nilipostaafu nilichinja fahali nyumbani Siongiroi, mkubwa kama lori. Mzee Makori alikuja na bakora yake, akaombwa aseme neno.

"Huyu mtu aliniwashia moto," akasema, "na ni yeye mwenyewe aliyeuzima. Mpaka leo sijajua nimlaani au nimshukuru. Kwa hivyo nipeni mbavu."