Majirani Walifagia

Juzi nilikuwa kwa wakala wa bima mjini Kasulu, nikisubiri kukatiwa bima ya pikipiki yangu. Mbele yangu alikaa mzee mwenye duka la rejareja kule Rungwe Mpya, kofia kaishika magotini. Duka lake liliungua wiki iliyopita, na bima ya moto alikuwa nayo.

"Mzee, mkaguzi wetu alifika," dada wa kaunta alimwambia taratibu. "Hakuona mchele, hakuona sukari, hakuona hata bati lililoungua. Alikuta sakafu safi. Sasa tulipe nini?"

"Majirani walifagia, mwanangu. Asubuhi ile ile walikuja na mabeleshi na mafagio, wakazoa kila kitu wakakitupa. Kwetu mtu aliyeunguliwa haachwi peke yake na majivu."

"Ungewazuia."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa awafukuze waombolezaji msibani.

Alipoinuka nilimuuliza atawaambia nini majirani wanaomsubiri nyumbani. Akavaa kofia yake. "Nitasema bima ilikuwa imeisha muda wake. Wakijua ni mafagio yao, hawatalala."

Wauza bima hufika hadi vijijini na spika juu ya gari, wakaongea mpaka sauti zikakauka. Hili hawakulisema. Basi nalisema mimi, bure: duka la jirani likiungua, msiguse kitu. Kaeni mtazame majivu yake mpaka mkaguzi aje.

Mkiweza.